Mlango wa Chumba cha Shangazi

Wanawake wenzangu wamekataliwa ukweni kwa mengi. Mwingine dini, mwingine kabila, mwingine kwa kuwa mdomo wake hauna breki. Mimi nilikataliwa kwa sababu nilikuwa shangazi yake mchumba wangu. Usicheke. Hata mimi nilianza kwa kucheka.

Mchumba mwenyewe namwita Miwani, kwa sababu ndiyo kazi yake. Duka lake la miwani limepakana na chumba changu cha ushonaji, ukuta mmoja tu kati yetu. Yeye ananiita Sindano. Anadai ni kwa ajili ya kazi yangu, ila wanaonijua wanasema ni kwa ajili ya ulimi. Tulianza kwa kugombana juu ya kelele za cherehani yangu, tukaishia kupendana mpaka wateja wakawa wanakohoa makusudi kabla ya kuingia. Hakuna asubuhi aliyofungua duka lake bila kuja kwanza mlangoni kwangu. Husimama pale, akapangusa miwani yake kwa ncha ya shati, akaivaa, akanitazama, kisha akasema, "Hivi ndivyo ninavyopima kama macho yangu bado mazima." Upuuzi mtupu, nami nilikuwa nausubiri tangu ninapofungua macho kitandani.

Tatizo letu lilikuwa moja. Yeye ni wa dini ya Kihindu, mimi ni Mkristo, tena binti wa mzee wa kanisa.

Siku alipokuja kwetu kujitambulisha, Baba alimkalisha kwenye kiti cha mbao kisicho na mto, akamsaili kama mtu aliyeomba kazi.

"Dini yenu ilianzishwa na nani?"

"Hakuna mtu mmoja, Mzee."

"Hakuna? Sisi tunaye Yesu. Waislamu wana Mtume wao, Wabudha wana Budha wao. Ninyi hamna hata mmoja wa kusema huyu hapa?"

Miwani alitabasamu kidogo, akaona Baba hatabasamu, akaacha. "Dini yetu ni kama nyumba ya ukoo, Mzee. Kila kizazi kimeongeza chumba. Watu wa kale sana waliimba nyimbo kwa moto, kwa mvua, kwa alfajiri, na nyimbo zile zikapokewa kwa mdomo, baba kwa mwana, kabla hazijaandikwa popote. Wakaja wengine wakauliza nafsi ni nini. Wengine wakaja na miungu ya kwao, wakakaribishwa. Ukiniuliza nani alichimba msingi, sijui."

"Na miungu yote hiyo?"

"Bibi yangu husema ni Mmoja mwenye sura nyingi. Wengine kwetu husema vingine, na hakuna anayewafukuza."

Baba alikuna kidevu. "Nyumba ambayo mjenzi wake hajulikani," akasema polepole, "huwezi kujua nani mwingine anakaa ndani."

Hapo Mama akaingilia. Mama yangu alizaliwa Mwislamu, akaacha kwao kwa ajili ya huyuhuyu Baba. "Mume wangu, nawe ulipokuja kwetu, marehemu baba yangu alikuuliza inakuwaje Mungu wenu ni mmoja na ni watatu. Ulijikanyaga wewe, mpaka chai ikapoa."

Baba alikohoa, akatazama dirishani. Mwisho akakata kauli. "Sibariki, silaani. Binti yangu aende akaione nyumba hiyo, kisha arudi aniambie."

Basi nikaenda, Jumamosi mchana, jua likiwa kali.

Nyumba yao ni ya zamani, ina dari ya juu na ukumbi mrefu wenye vyumba huku na huku. Sebuleni, kwenye kona, palikuwa na rafu yenye sanamu ndogo, maua mabichi na taa ya mafuta iliyokuwa ikiwaka mchana kweupe. Juu yake ukutani palitundikwa picha ya msichana mwenye nywele za kusuka, imevishwa shada. Mama yake Miwani alinipokea kwa adabu zote isipokuwa tabasamu.

"Kwenu mtu akifa anakwenda wapi?" aliniuliza kabla sijamaliza maji ya kunywa.

"Anazikwa, Mama. Anasubiri ufufuo. Mwili wake unafufuliwa, ndipo anahukumiwa."

"Mwili huuhuu?"

"Huuhuu."

"Sisi tunauchoma," alisema. "Mwili ni nguo. Ikichakaa inavuliwa, nafsi inakwenda kuvaa nyingine. Matendo yako ndiyo yanayokuchagulia kitambaa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nafsi ichoke kuvaa, irudi ilikotoka. Na hao wa upande wa mama yako?"

"Waislamu kwao pia ni mara moja tu. Kaburi, kisha Kiyama."

"Kumbe ninyi wote mna haraka. Uhai mmoja tu na mnataka utoshe!"

Nami, kwa ulimi huu nilionao, nikajibu, "Ndiyo maana natamani nijibiwe upesi, Mama."

Miwani alipaliwa na maji. Mama yake nusura atabasamu, nikaona mlango wa moyo wake umeachia upenyo. Ningenyamaza hapo ningekuwa nimeokoka. Lakini nilimwona begani blauzi yake imefumuka mshono, na mimi siwezi kutazama mshono uliofumuka nikatulia.

"Nipe nikushonee, Mama. Sekunde tu. Hamna cherehani humu?"

Walitazamana, yeye na mwanawe.

"Ipo," Miwani akasema. "Chumbani kwa shangazi."

Shangazi ndiye yule wa pichani, dada ya marehemu baba yake. Alifariki akiwa msichana, mwaka uleule niliozaliwa mimi, na chumba chake kilikuwa mwisho wa ukumbi. Walikuwa wakikifagia tu, hawakigusi. Nilipoingia nilipokewa na harufu ya mafuta ya cherehani, mabichi kabisa, kana kwamba kuna mtu ametoka kuipaka. Cherehani ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu. Sindano yake ilikuwa imevunjika.

"Usifunge mlango," nilimwambia Miwani alipotaka kuusukuma. Ni tabia yangu tangu utotoni. Mlango ukifungwa nikiwa ndani, pumzi hunibana, jasho hunitoka. Hata bafuni huacha wazi kidogo, na kwetu walishazoea kuimba wakipita.

Nikakaa. Nikapeleka mkono chini ya ubao wa cherehani, upande wa kushoto, nikachomoa sindano nzima kutoka kwenye kipande cha kitambaa kilichogongomewa pale. Nikaifunga, nikapitisha uzi, nikarudisha gurudumu nyuma kidogo ndipo nikakanyaga kuijaribu. Cherehani ikaimba.

Ni mpaka niliponyanyua macho ndipo nilipoona uso wa mama yake Miwani umesawijika.

"Nani alikuambia kuna sindano hapo?"

"Hakuna, Mama. Aliyenifundisha kazi alinizoeza kuficha sindano ya akiba chini ya ubao, watoto wasiichezee. Nilijaribu tu."

"Na gurudumu? Cherehani hiyo ilimshinda kila fundi tuliyemleta. Ilikuwa inakata uzi."

"Za aina hii nyingi huwa hivyo," nilisema. Ilikuwa kweli. Lakini sauti yangu mwenyewe ilinitoka nyembamba.

Hapo tukasikia fimbo ukumbini. Ko. Ko. Ko. Bibi yake Miwani alikuwa haoni tangu zamani, na tulikuwa tumeambiwa amelala. Alisimama mlangoni, mwembamba, mweupe nywele zote, ameinua uso kama anayenusa.

"Nani anakanyaga cherehani?"

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

Hakuitikia. Alikuja moja kwa moja pale nilipo, akaushika mkono wangu wa kulia, akaupapasa kidole kimoja kimoja mpaka kwenye sugu ya sindano.

"Unaogopa mlango kufungwa?"

Damu ilinisimama. Nilimtazama Miwani. Hakuwa amemwambia, niliona usoni mwake kwamba hakuwa amemwambia mtu.

"Naogopa, Bibi."

Yule mzee alipiga magoti pale sakafuni, akaweka paji la uso wake kwenye mapaja yangu, akalia bila sauti. "Umerudi," akasema. "Mwanangu, umechukua muda mrefu hivyo?"

Jamani! Nilitaka kusimama, lakini kichwa chake kilikuwa bado mapajani. Alipomaliza kulia, alijipangusa, akamgeukia mjukuu wake, na sauti yake sasa ilikuwa ya mwenye nyumba.

"Huyu ni dada ya baba yako. Mtu haoi shangazi yake. Mtafutie kiti kizuri, mpeni kila anachotaka, lakini neno la ndoa lisisikike tena humu ndani."

Miwani alianza kucheka. Kicheko kikafika nusu, kikaishia.

Jumatatu asubuhi hakuja mlangoni kwangu kupima macho. Nilimsikia akifungua duka lake, nikasikia ufunguo, nikasikia kiti, kisha kimya. Nilivumilia mpaka nikamtoboa mteja kwa pini. Nikamwomba radhi, nikaenda.

"Leo macho hayapimwi?"

Alikuwa ameinamia lenzi anaisugua. "Sindano, tafadhali."

"Tafadhali nini? Nitazame."

Alinitazama, akaangusha macho upesi. Mungu wangu, iliniuma kuliko matusi. "Unamtafuta," nikasema. "Unamtafuta usoni mwangu."

"Nimemtafuta tangu juzi. Hufanani naye hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha. Ungefanana naye ningesema Bibi amekosea sura. Lakini yeye haoni."

"Kwani wewe unaamini mambo haya?"

"Nikiwa hapa, na lenzi mkononi, siamini. Nikiingia nyumbani kwetu, naamini."

"Shangazi yako alikufaje?"

Aliweka lenzi chini. "Alikuwa na pumu. Alitaka kuolewa na kijana Mwislamu, fundi baiskeli, Bibi akakataa katakata. Wakagombana asubuhi. Mvua ikanyesha siku hiyo, mbao zikavimba, mlango wa chumba chake ukakwama. Walipouvunja alikuwa ameshakwisha."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja wa kupima macho, kile kinachotazamana na herufi ukutani, na herufi zote ziliniingia ukungu.

"Mimi ni Mkristo," nilimwambia, na zaidi nilikuwa najiambia mwenyewe. "Mtu hazaliwi mara mbili kwa mama wawili. Nina mama mmoja. Ana kisukari na ananigombeza kila siku."

"Najua."

"Unanipenda?"

"Mpaka naona aibu."

"Basi nishike mkono."

Aliunyoosha mkono wake juu ya meza. Ukafika katikati, ukabaki hapohapo. Nilinyanyuka nikaondoka kabla machozi hayajanivunjia heshima.

Nyumbani Baba aliposikia alipiga meza. "Mtu mmoja, uhai mmoja, hukumu moja! Mwambie yule bibi binti yangu ana cheti cha kuzaliwa!" Mama yeye aliinuka akatoka. Nilimfuata jikoni. Alikuwa amesimama na sufuria mkononi, hapiki wala haoshi.

"Ulipozaliwa hukuwa na pumzi," akasema bila kunigeukia. "Mkunga alikupiga mgongoni mpaka mimi nikaanza kukulilia maiti. Ulipolia, kitu cha kwanza ulichofanya ni kugeuza uso mlangoni. Mtoto mchanga haoni mlango. Sikumwambia baba yako."

Mwisho wa wiki Miwani alikuja mwenyewe. Hakuwa amenyoa. "Bibi anakata roho," akasema. "Amehamishiwa kitanda cha shangazi, alitaka mwenyewe. Anakuita. Anataka kuuliza kama umemsamehe."

"Nimjibu nini?"

"Ukimwambia wewe si yeye, atakufa na donge. Ukimwambia ndiye, basi mimi na wewe tumekwisha, maana Mama ataushika wosia huo wa Bibi mpaka kaburini kwake." Akatabasamu kwa uchungu. "Nimesema kaburini. Hata lugha yenu imeshaniingia."

"Wewe unataka nini?"

"Nakutaka wewe. Lakini yule ndiye aliyenilea."

Nilimpenda zaidi kwa jibu lile, na nilimchukia kidogo pia. Nikavaa viatu.

Njiani nilikata shauri kusema uongo. Baba anisamehe. Nilijiambia mzee anayekufa hastahili kubishaniwa, na mimi nitalia nikifika kwetu. Nilipoingia, Miwani alibaki ukumbini. Mama yake alikuwa amekaa miguuni pa kitanda. Upepo ulikuja ukaupiga mlango nyuma yangu, ukafunga. Koo likanibana palepale.

"Uko hapo, mwanangu?"

"Nipo, Mama." Neno lile lilinitoka jepesi kama nililolizoea.

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe."

Macho yake meupe yalielekea darini. "Usinisamehe kwa kunihurumia. Unajua nilichokufanyia?"

Nilikuwa na jibu tayari. Nilitaka kusema, ulininyima kijana niliyempenda. Nilifungua mdomo kusema hivyo, na nikasikia mwingine kabisa akisema kwa sauti yangu.

"Mlango haukukwama. Uliufunga kwa ufunguo. Nilisikia ukigeuka, kisha nikasikia ndala zako za mbao zikienda jikoni."

Mama yake Miwani alisimama, kiti kikaanguka. Bibi hakusogea. Machozi yalimtiririka mpaka masikioni.

"Nilitaka utulie tu," akanong'ona. "Utulie, umsahau yule kijana wa baiskeli, nije nikufungulie. Mvua ikapiga bati, sikusikia ukiniita. Niliporudi mlangoni nikakuita, hukuitikia, na sikuthubutu kuwaambia wengine. Nikageuza ufunguo kimya kimya, nikashikilia kitasa nikipiga kelele kwamba mlango umekwama. Wakauvunja." Alivuta pumzi kwa shida. "Hakuna mtu anayejua hilo. Hakuna. Umerudi kudai nini, mwanangu?"

Hapa sasa nilikuwa mimi. Naapa hapa nilikuwa mimi, na nilijua ninachokifanya.

"Nataka kuolewa na ninayempenda. Safari hii usinifungie."

"Ni mtoto wa kaka yako!"

"Kaka wa nguo ile, Mama. Hii niliyovaa sasa imeshonwa na mama mwingine. Baba yake ni mzee wa kanisa, mkali, anaimba vibaya. Ukiipasua nguo hii yote utafute uzi mmoja wa nyumba hii, hutaupata."

Alifumba macho, mpaka nikadhani amekwenda. Kisha kifua chake kikatikisika, nikagundua anacheka.

"Mbishi," akasema. "Hukubadilika hata chembe." Akageuza kichwa upande alipo mkwe wake. "Nafsi haina shangazi wala mpwa. Ni miili ndiyo yenye ukoo. Nilisahau kwa kuwa nilitamani sana awe wangu. Mkwe, fungua huo mlango. Fungua mpaka mwisho. Mwambie mjukuu wangu mchumba wake anamngoja."

Mama yake Miwani aliufungua. Aliponipita alinigusa bega, mguso wa mtu anayehofia kuungua.

Bibi alikwenda jioni hiyohiyo, mlango ukiwa wazi. Wakamchoma kwa desturi yao, nami nilisimama pembeni nikamwombea kwa desturi yetu. Sikujua ombi langu litamkuta wapi, lakini nililituma.

"Ulijuaje habari ya ufunguo?" Miwani aliniuliza tukirudi, maana mama yake alikuwa amemsimulia yote.

"Nilibahatisha."

"Na ndala za mbao? Mimi mwenyewe sikuwahi kumwona nazo."

Nikaongeza mwendo. Alinishika mkono, safari hii hakuishia katikati, na tulitembea hivyo mpaka kwetu. Baba alimpa kiti chenye mto. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Nyumba umeiona?"

"Nimeiona, Baba."

"Kuna mwingine anakaa ndani?"

"Hayupo tena," nikasema.

Jioni ile niliingia chumbani, nikavua viatu, nikajilaza. Mama akagonga. "Wewe! Umefunga mlango?"

Nilitazama. Nilikuwa nimeufunga mpaka komeo, bila kufikiri, na kifua changu kilikuwa kinapumua vizuri kabisa. Hofu niliyoishi nayo tangu kuzaliwa ilikuwa imetoka, imekwenda na mwenyewe. Ndipo nilipoogopa. Kama ile haikuwa yangu, ni kipi kingine nilichonacho ambacho si changu? Nililala nimeshika moyo wangu kama mtu anayelinda mfuko sokoni.

Asubuhi nilifungua kazi mapema, nikakaa kwenye cherehani nikimsubiri aje anipime kama kawaida yake. Nilijiambia, akija moyo ukaruka, basi ni wangu, nami ni wangu, na mambo yameisha. Nilikuwa nimetega sikio kwa hatua zake.

Kengele ya baiskeli ikalia barabarani. Moyo wangu ukaruka, mpaka nikaangusha mkasi.

"Sindano!" Miwani alikuwa ameshafika mlangoni, anapangusa miwani yake kwa ncha ya shati, uso wote furaha. "Unamtazama nani hivyo?"

"Wewe," nikamjibu, na macho yangu yalikuwa bado barabarani.